Nzuri Ile

"Baba, nzuri ile," alininong'oneza mwanangu, na kwa maneno hayo matatu nikazipoteza Jumamosi zangu za miezi tisa, muda unaotosha kumleta duniani mtoto mwingine.

Tulikuwa Ngome Kongwe, usiku wa taarabu, siku chache baada ya Idi Kubwa. Yeye alikuwa na miaka tisa, amebana chupa ya soda katikati ya magoti. Jukwaani mpiga kanuni ameinama kama mtu anayechagua mchele, vidole vyake viwili vya shahada vikirukaruka juu ya nyuzi. Nikiri mapema: mimi kanuni inaniweza. Fidla naipenda, udi nauheshimu, lakini nikimsikia mtu kama Rajab Suleiman akiigusa kanuni, husahau hata nilipoiegesha vespa. Kwa hiyo mtoto aliposema "nzuri ile", sikuuliza ipi. Aliyeletewa habari njema hahoji.

Kabla mwezi haujaandama tena nilikuwa nimeshapata kanuni kuukuu, na Maalim wa kumfundisha nimeshampata, mzee mpole wa Ng'ambo aliyesomesha ukumbini kwake kila Jumamosi baada ya alasiri. Ada yake haikuwa kubwa. Kubwa ilikuwa kanuni yenyewe.

Asiyewahi kuibeba kanuni hudhani ni kitu cha kupakata tu. Kweli hupakatwa, lakini kabla ya kupakatwa ina safari. Ni sanduku bapa la mbao, karibu mita moja kwa urefu, upande mmoja umenyooka na wa pili umekatwa mshazari. Yetu ilikuwa na nyuzi 78. Usishtuke: sauti ni 26, ila kila sauti ina nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziseme neno moja. Mmoja ukilegea, utadhani uko mahakamani na mashahidi watatu, mmoja wao kasahau alichofundishwa kusema.

Na zinalegea. Hewa yetu hii ya bahari mbao huinywa, na masika yakiingia ndiyo balaa. Saa nzima ya somo ikawa inagawika hivi: dakika arubaini Maalim anazungusha ufunguo, sikio kaliinamisha, "hii imeshuka, hii imepanda, hii haijulikani ilipo", dakika kumi na tano chai na mkate wa ufuta, dakika tano mwanangu anavaa zile pete zenye vijiti vya kudonolea nyuzi, anapiga.

Ili kumtia hima nikamsimulia kisa cha Mohammed bin Ibrahim. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri waje wampigie kasrini, kisha akampeleka Mzanzibari huyu hukohuko Misri akajifunze muziki na kupiga kanuni. Akaenda, akasoma, akarudi, akaanzisha kikundi hapa nyumbani. Nilikisimulia kwa mbwembwe zote, na meli nikaitia mawimbi. Mwanangu akafikiri sana, akauliza, "Na huyo Sultani, alimuuliza kwanza kama anataka?"

"Kula mkate," nikamwambia.

Kwenda kwa Maalim tulikuwa watatu juu ya vespa: mimi, mtoto, na kanuni katikati yetu, imeviringishwa shuka. Tukifika Mnazi Mmoja, kusi imechachamaa, lile sanduku hupokea upepo kama tanga. Siku moja tulihamia upande wa pili wa barabara bila mimi kukata usukani. Askari wa barabarani akatusimamisha, akatuzunguka taratibu, mikono nyuma.

"Mzee, mlango huu unaupeleka wapi?"

"Si mlango, afande. Ni kanuni."

Akanitazama. "Kanuni za barabarani unazijua?"

Nikamjibu kwamba mimi ninayo moja tu, na ina nyuzi 78. Hakucheka. Mtoto ndiye aliyecheka, na nadhani ndiyo siku pekee kanuni ile ilimfurahisha.

Sisi tunakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Chini yetu anakaa bibi mmoja mstaarabu, mjane, ambaye dirisha lake na letu yanasikilizana. Kila mtoto akianza mazoezi, dirisha la chini hufungwa taratibu, kwa adabu. Tukikutana ngazini husema, "Mashaallah, kijana anaendelea." Mimi nikaichukua kama sifa. Ilinichukua muda kutambua kwamba Kiswahili kinaruhusu neno hilo kumaanisha tu kwamba hajaacha.

Na alikuwa anaendelea, maskini, na kitu kilekile. Maalim alimpa wimbo mmoja wa kuanzia. Ndani ya wimbo ule kuna mahali, kabla ya kiitikio, ambapo sauti inapanda ngazi nne za harakaharaka. Hapo ndipo mwanangu alipokuwa akikwaa. Anakwenda vizuri, anakwenda vizuri, akifika hapo, kimya. Pumzi moja ndefu. Kisha anarudi mwanzo kabisa, kama mtu aliyefika kituo cha daladala akakumbuka kaacha pesa nyumbani. Kwa miezi tisa sikuwahi kukisikia kiitikio kile ndani ya nyumba yangu.

Halafu akaja paka. Upande wa kulia wa kanuni pana sehemu iliyowambwa ngozi, na juu yake ndipo linaposimama daraja linalobeba nyuzi. Aliyetuuzia alijisifu kwamba ngozi ile ni ya samaki halisi. Sisi tukaichukua kama sifa ya kanuni. Paka wa ngazini akaichukua kama mwaliko. Magharibi moja, watu wako kwenye sala, akaingia. Hakuila. Aliionja tu, kama mpishi anayeonja mchuzi, akaacha matundu manne na daraja limelala chali.

Fundi alichukua wiki tatu kuwamba ngozi mpya, ya mbuzi safari hii. Wiki tatu zile nyumba ilikuwa na baraka ya ajabu. Mke wangu akawa anaimba jikoni. Mtoto akapata alama nzuri za hesabu skuli. Mimi nikalala Jumamosi mchana mpaka shavu likapigwa chapa ya mkeka. Kila mmoja wetu alimlaani paka yule kwa sauti kubwa, na kila mmoja, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akimtupia kichwa cha samaki kwa siri.

Mwenye macho angeziona dalili. Tumbo la mwanangu lilikuwa na kalenda: haliumi Jumatatu, haliumi Alhamisi, linauma Jumamosi saa tisa. Mtoto aliyekuwa akiikimbia tuisheni akaanza kuiomba. Siku moja alijitolea kumsaidia nyanya yake kukuna nazi kumi na mbili. Mimi nikajiambia huo ni utu uzima unaingia.

Hatimaye nikalipeleka suala barazani, kwenye kahawa, kama la mtu mwingine. "Kuna rafiki yangu," nikaanza, na wote wakajua. Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Mtoto akikataa chuo utamwacha? Akikataa kuoga?" Sikuthubutu kumwambia kwamba samaki niliyekuwa naye mimi alishakauka, akawambwa, akatobolewa na paka. Kijana mmoja mwalimu wa skuli akasema muziki wa kulazimishwa ni adhabu kwa majirani. Wa tatu, kama kawaida, akamleta Mozart: yule naye si alisukumwa na babake?

Kweli alisukumwa. Leopold, babake, alitoa kitabu chake cha kufundishia fidla mwaka 1756, mwaka uleule aliozaliwa Wolfgang. Mtoto kazaliwa, kakuta silabasi inamsubiri. Lakini Leopold alikuwa mpiga fidla mwenyewe. Mimi ala pekee ninayoimudu ni honi. Na wanaomtaja Mozart huwa hawawataji wale wengine waliosukumwa vilevile, vidole vikawauma vilevile, kisha wakaishia kuwa makarani wa kawaida, tena makarani wasiotaka kusikia fidla. Hoja ya kuoga nayo sikuiona. Kuoga hakuna badala yake. Kanuni badala zake ni nyingi: mpira, kuchora, hata kulala. Nilirudi nyumbani na yakini kwamba mtoto asiyetaka aachwe aache, na yakini hiyo nikaificha ndani kabisa, kwa sababu nani atamwambia Maalim?

Ramadhani ikatuokoa. Kanuni ikapanda juu ya kabati, kama ala nyingi za mji huu zinavyopumzika mwezi ule. Hakuna aliyeamua, mwezi umeamua. Baada ya Idi, Jumamosi ya kwanza tulikuwa na wageni. Ya pili nilikuwa nafunga sita, sina nguvu. Ya tatu nikasema vespa ina hitilafu, na vespa nzima imesimama pale inanisikia. Jumamosi ya nne sikutafuta hata sababu, na hakuna aliyeniuliza. Cha ajabu, Maalim naye hakupiga simu.

Jumamosi ya saba nikamwona Darajani, kwenye ndizi. Mguu ukakataa. Nikajibanza nyuma ya mikungu iliyoning'inizwa, nikasubiri apite. Hakupita. Nikachungulia, na upande wa pili wa mkungu uleule nikakutana na jicho. Maalim alikuwa ameinama, fimbo kaikumbatia, anajificha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kijana hajambo?"

"Hajambo. Ana mitihani."

"Aa, mitihani," akasema, kwa furaha ya mtu aliyesamehewa deni. "Asisumbuliwe. Na mimi mgongo huu."

"Mgongo si wa kuchezea, Maalim."

"Si wa kuchezea kabisa."

Tukaagana, kila mtu na chane ya ndizi asiyoikusudia, kwa sababu muuzaji alikuwa ameshaanza kututazama.

Usiku nikamhadithia mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniambia kwamba tangu siku ya paka alitaka kusema, ila alijua ninavyoipenda ile kanuni. Tukamwita mtoto. Naye alijua kwamba baba atahuzunika, alimsikia babake kwenye harusi ya binamu akiwaambia watu, "Huyu wangu anapiga kanuni." Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikimsitiri mtu mmoja, na mtu huyo, ambaye ni mimi, alikuwa akimsitiri Maalim.

Nikamwambia mtoto ruhusa anayo, ila kwa Maalim ataaga mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi nitabeba halua tu. Alikasirika kidogo, nami nikaona sawa akasirike: kuanza nilimwanzia mimi, kumaliza iwe kwake.

Alisimama mbele ya mkeka wa Maalim, mikono kaifunga, akasema kama anayesoma sura aliyohifadhi: "Shikamoo Maalim, ahsante kwa kunisomesha, mimi nimeamua kuacha, naomba radhi."

Maalim akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaona haya, akalirekebisha: "Yaani, Mwenyezi Mungu akuongoze." Akanigeukia. "Tangu mfungo sita nataka kukwambia. Lakini kila nikikuona unakuja na ile vespa, umeikumbatia kanuni kama unampeleka mgonjwa hospitali, ulimi unakufa." Akaifungua halua palepale. Tulikula watatu, na ilikuwa saa ya somo nzuri kuliko zote, maana hakuna kilichohitaji kukazwa.

Kurudi tulikuwa wawili tu kwenye vespa. Mnazi Mmoja upepo ukatupita bila kutugusa. Nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa na amani ya kuuliza, siku ile Ngome Kongwe kitu gani hasa kilimpendeza kwenye kanuni.

"Kanuni?"

"Si ulisema, 'nzuri ile'?"

Akanyamaza mpaka tukapita Mkunazini. "Kofia, Baba. Ile kofia ya yule mpigaji."

Lugha yetu ina ngeli moja ambamo kanuni, kofia, taa, feni na soda hukaa pamoja bila ugomvi. Ningeuliza "ipi?", herufi tatu tu, ningenunua kofia ya mkono nzuri kabisa, na chenji ingebaki. Nimeshamnunulia. Anaivaa Ijumaa, inamshuka kidogo masikioni.

Kanuni ingali juu ya kabati, imeviringishwa shuka lake. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka kwenda kununua mkate nikapita mlango wa bibi wa chini. Ulikuwa wazi, yeye kakaa kwenye kibao anapara samaki, paka wetu yule kakaa mbele yake kwa heshima zote, na bibi anauimba taratibu ule wimbo wa Maalim, maneno hana, sauti tu. Akaenda nao vizuri, akaenda nao vizuri, akafika pale kabla ya kiitikio. Akanyamaza. Akavuta pumzi moja ndefu, kisu kimesimama hewani, kisha akaanza tena mwanzo.