Sifa za Koili Iliyokatika

Mapenzi, mvua ya masika na biriani la harusini vimeshapata wasifiaji wa kutosha. Mimi leo naisifu koili ya saa ya mkono. Tena si ile nzima, ambayo haina habari. Naisifu iliyokatika, isiyopatikana duka lolote, ambayo kwa mwaka sasa imenifunza adabu kuliko chuo na skuli.

Msifiwa hutajwa kwanza nasaba yake. Saa ya mkono ya kwanza ya jiwe la kwatsi kuuzwa, Seiko Astron, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000, bei iliyokaribiana na ya gari dogo. Ukoo huo ukawatoa jasho Waswisi: waliokuwa wakila kwa kazi ya saa kule walikuwa kama 90,000 mwaka 1970, na kufika katikati ya miaka ya 1980 ikabaki theluthi hivi. Ukoo wa kifalme, basi. Na mfalme huyu huangushwa na uzi wa shaba wa koili, mwembamba kuliko unywele.

Yangu, nayo Seiko, niliachiwa na ami yangu, Mungu amrehemu, aliyerudi nayo kutoka Muscat. Kidirisha chake huandika siku kwa Kiarabu, na iliposimama ilikuwa Ijumaa. Kwangu ni Ijumaa mpaka leo. Kila anayenidai namwahidi Jumamosi, kwa moyo mkunjufu.

Nikaipeleka Darajani kwa fundi saa wa barazani, mwenye kisanduku cha kioo na kigoda kimoja cha wateja. Akabandua kifuniko kwa kisu, akapachika lenzi jichoni, akatia betri mpya. Kimya. Akagusisha ncha za mita kwenye koili, na mshale wa mita haukutikisika.

“Maalim,” akaniambia bila kuinua uso, “hapa umeme haupiti. Uzi umekatika.”

Kwa ncha ya kibano akanionesha vumbi la kijani. Betri iliyokwisha ilisahauliwa ndani, ikavuja, ikala shaba. Ami hakuwahi kutupa kitu chochote maishani mwake, hata betri iliyokufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu koili. Ndani ya saa hii mna kijiti cha kwatsi kilichochongwa mfano wa uma wa meno mawili, ambacho hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa hesabu hiyo kwa mbili, mara 15, mpaka libaki pigo moja. Pigo hilo hupewa koili, ikawa sumaku kwa kufumba na kufumbua, kigurudumu kikapiga nusu mzunguko, akrabu ya sekunde ikasogea. Sasa ukiitia betri saa yangu, kijiti kinatetema, saketi inagawa, kazi yote inafanywa sawasawa, ila hakuna wa kuifikisha nje. Nimewahi kufanya kazi katika ofisi ya namna hiyo.

Ingekuwa nzima, ningejua nini mimi? Nisingejua kwamba nambari nane za mgongoni ni mbili zilizoungwa: nne za mwanzo ni za mashine, nne za mwisho ni za kasha. Nililijua hilo baada ya kuagiza koili kwa nambari za kasha. Nisingejua kwamba namba ya usajili ya Seiko huanza na tarakimu ya mwaka, kisha ya mwezi, na kwamba saa ya ami ilizaliwa Februari 1981. Nisingepanda boti kwenda Kariakoo na kuketishwa na mafundi watano, kila mmoja akinimwagia mkebe wa saa maiti juu ya gazeti, tukachambua pamoja kama wapembua mchele. Saa inayokwenda humpa mtu wakati tu. Iliyokufa imenipa rafiki wanne, na mmoja ambaye hanipokelei simu tena.

Wapo wasio na haya walionishauri nitie mashine mpya, za rahisi zimejaa tele. Ingekwenda, sikatai. Lakini uso wa saa una vijiguu vyake vinavyotaka matundu yake, na ile Ijumaa ya Kiarabu ingeondoka na mashine ya zamani. Ningebaki na kasha la ami lenye moyo wa mpita njia.

Nimeshanunua mbili mbovu ili niponye moja. Ya kwanza ilikuwa na koili iliyokatika. Ya pili ilikuwa na koili iliyokatika na harufu ya samaki. Mke wangu alizihesabu mezani, tatu, akauliza saa ngapi. Nikachungulia simu.

Nawe msomaji, fungua mtoto wa meza leo. Kama mna saa kuukuu ya betri, itoe betri kabla haijavuja. Na kama mgongoni imeandikwa 7123, kama ya ami, hata iwe haina kioo, haina akrabu, mkanda umeliwa na panya, usiitupe. Mwachie fundi wa barazani Darajani. Nitapita kuichukua Jumamosi.