Basi la Fisi

Fisi alikuwa na basi dogo lililopandisha wanyama kutoka Muheza hadi Amani, huko milimani Usambara, ambako tangu Machi hadi Mei masika humwagika na udongo mwekundu hung'ang'ania kila ukwato. Ndani ya basi kulinuka uvundo. Ukikanyaga kapeti, maji yanachuruzika.

Fisi hakuhangaika kutafuta mkosaji. Akabandika tangazo mlangoni: mwenye viatu avue, asiye navyo afute miguu, Bata alipe nauli mara mbili kwa sababu ya utando wa vidole vyake, Nguruwe asipande kabisa. Wakatii, maana hapakuwa na basi jingine. Bata akawa anasafiri miguu imeviringwa majani ya mgomba. Fisi akatundika manukato, akatandaza magazeti juu ya kapeti, na kila alfajiri akafuta ukungu wa vioo kwa mkia. Uvundo ukazidi.

Jumapili moja basi halikutoka. Mvua ikanyesha usiku kucha, na Jumatatu kapeti likakutwa chepechepe.

"Bwana Fisi," akauliza Mzee Kobe, fundi, "jana ulimpakia nani?"

"Sikumpakia mtu."

"Haya maji yameingia na miguu ya nani?"

"Ya juzi," Fisi akajibu.

Kobe akafunua boneti. Chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa kutolea maji, majani ya mwembe yalikuwa yameshindiliana. Fisi hupenda kuegesha kivulini. Maji yalipokosa pa kutokea yaliingia ndani kwa tundu la hewa. Kobe akayazoa majani, akamimina kibuyu cha maji, yakatokea chini karibu na gurudumu. Kisha akang'oa kapeti. Sponji ya chini ilikuwa imenyonya mvua ya wiki nzima na bati limeanza kuliwa na kutu.

"Vitoe vyote uvianike mpaka vikauke kabisa. Jua likichomoza, fungua milango. Njiani washa kiyoyozi, hata kama kuna baridi, kwa kuwa hukausha hewa na vioo havishiki ukungu. Halafu tandika mpira wenye kingo. Matope ya abiria yabaki humo, jioni uyamwage. Abiria wa masika lazima aje na tope, Bwana Fisi. Hilo ni la kawaida. Majani ya mwembe ndiyo yako."

Kesho yake basi lililala uwanjani, mbali na mti. Tangazo likabanduliwa, Nguruwe akaitwa apande. Bata akaingia na matope yake, akakaa kiti cha mbele, na kondakta alipomnyooshea mkono akamwambia hatalipa nauli mpaka zile alizozidishiwa ziishe.