Ndugu wa Baragumu: Mwongozo wa Kulinda Historia kwa Kicheko

Ukipita katika vijiji vya milimani huko California, karibu na pale James Marshall alipookota dhahabu Januari 24, 1848, utakutana na vibao vya shaba kando ya barabara. Kimoja kinakueleza kuwa hapa palichimbwa mgodi, kingine kuwa hapa ilisimama baa. Visome mpaka mstari wa chini. Mara nyingi utakuta jina E Clampus Vitus.

Usiende kulitafuta kwenye kamusi ya Kilatini, kwa maana limetungwa lisikike Kilatini na lisimaanishe kitu. Ni jina la udugu wa watu wanaoitwa Clampers. Huvaa mashati mekundu kama wachimba dhahabu wa zamani, hupuliza baragumu, hunywa, hucheka, kisha husimika kibao cha historia. Wenyewe hawajamaliza kubishana kama wao ni chama cha historia kinachokunywa au ni chama cha ulevi kinachosoma historia. Kaulimbiu yao ni *Credo Quia Absurdum*, yaani naamini kwa sababu ni upuuzi.

Nimewapenda tangu niliposoma habari zao. Kama na wewe umechoka kuona historia ya kwenu ikiliwa na mchwa kabatini, fuata hatua hizi. Zote wamezipitia wao, na moja iliwaunguza.

Hatua ya 1: Tafuta mkubwa wa kumtania

Enzi za dhahabu, vyama vya udugu kama Freemasons na Odd Fellows walijipamba kwa mishipi na nishani. Clampers wakakata vifuniko vya makopo ya bati, wakavibandika vifuani na kutembea navyo kifua mbele. Wakatangaza kwamba kila ndugu ana cheo, na vyeo vyote vimelingana kwa kukosa heshima. Kiongozi wao huitwa Noble Grand Humbug, tuseme Mtukufu Mkuu Mlaghai.

Anayejua utani ataelewa upesi. Mtani huja msibani, akamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Hakuna anayesema amewadharau. Amebeba sehemu ya mzigo ambayo wengine hawakuweza kuibeba. Basi anza na kicheko, na kielekeze juu, kwa waliojikweza. Ukimcheka aliye chini yako umeshaharibu udugu kabla haujaanza.

Hatua ya 2: Likilia baragumu, liwe na jambo

La mgambo likilia lina jambo. Baragumu la Clampers huitwa hewgag, na zamani lilipolia watu wa kambi walijua kuna mwali wa kuingizwa udugu. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Udugu uliapa kuwatunza wajane na yatima, na hasa wajane, kama wanavyopenda kuongeza huku wakikonyezana.

Konyezo hilo lisikupoteze. Mgodi ulimla mtu asubuhi, na jioni mkewe akawa hana wa kumtegemea, ugenini, mbali na ndugu zake wote. Udugu ukachanga. Chama chako kikicheka tu bila kuwa na kikapu cha kupitisha, hicho ni genge la baa. Weka kikapu kwanza, baragumu lifuate.

Hatua ya 3: Mtie mwali jandoni

Kwa Clampers huombi kuingia, unaalikwa. Wana msemo kwamba Clamper hatengenezwi, huzaliwa hivyo. Kama dhahabu, kazi ni kumgundua. Mwali hufungwa macho, na zamani alipakiwa kwenye toroli na kusukumwa juu ya njia ya mashimo mpaka meno yakagongana. Kisha swali likaulizwa: ndugu wanasemaje? Wote wakajibu kwa sauti moja: inaridhisha!

Husimuliwa kwamba mchuuzi aliyefika kambini na bidhaa zake hakuuza hata sindano mpaka apande toroli. Baada ya hapo aliuza, na akalipenda jando hilo kiasi cha kumvizia mchuuzi atakayefuata. Hilo ndilo la kujifunza: tuliyechekwa naye pamoja hatumsahau, na mji tulikochekwa huwa mji wetu.

Jambo moja usiliige. Udugu huu umebaki wa wanaume. Wewe wafungulie wanawake mlango siku ya kwanza. Nani anajua duka la kona lilikuwa la nani kabla ya kuuzwa, mtoto yupi alizaliwa mwaka wa mafuriko, na ugomvi wa mpaka ulianzia wapi? Ukimwacha bibi nje ya kikao, umeiacha nusu ya historia nje.

Hatua ya 4: Nunua daftari

Wanasema hakuna kumbukumbu za mikutano ya zamani kwa sababu wakati wa mkutano hakuna aliyekuwa na hali ya kuandika, na baada ya mkutano hakuna aliyekumbuka. Tucheke, kisha tuhesabu hasara. Mapokeo yanamtaja Ephraim Bee wa Virginia kuwa mwasisi, mwaka 1845, na Joseph Zumwalt kuwa ndiye aliyeufikisha udugu Mokelumne Hill, California, mwaka 1851. Kinachoshikilia habari hizo zaidi ni midomo ya watu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Dhahabu ilipopungua, udugu nao ukafifia mpaka karibu kuzimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Carl Wheat, G. Ezra Dane na Leon Whitsell waliufufua San Francisco. Walimpata Adam Lee Moore, mkongwe wa udugu wa zamani, akawakabidhi desturi alizokuwa nazo kichwani. Historia nzima ilining'inia kwenye pumzi za mzee mmoja. Usisubiri ifike huko. Nenda kwa mzee wako wiki hii, na daftari mkononi.

Hatua ya 5: Chagua kilichodharauliwa

Majenerali hawakosi wa kuwajengea sanamu. Clampers hupenda baa, migodi iliyokufa, na watu walioonekana vichekesho. Kipenzi chao ni Joshua Norton, Mwingereza aliyekulia Afrika Kusini, akahamia San Francisco na kufilisika katika biashara ya mchele. Mwaka 1859 alijitangaza Mfalme Mkuu wa Marekani. Mji ukamkubali. Alichapisha noti zake mwenyewe, na watu wakazipokea. Mwaka 1872 aliamuru lijengwe daraja kutoka Oakland hadi San Francisco kupitia kisiwa kilicho katikati. Daraja lilifunguliwa mwaka 1936, na likapita kisiwani hapohapo.

Mwaka 1939 Clampers wakamtengenezea kibao cha shaba kinachomtaka msafiri asimame kidogo na kumshukuru. Vibao vingine vingi husimikwa kwa ushirikiano na idara ya hifadhi ya jimbo lenyewe. Serikali inajua kuwa wenye mashati mekundu watafika na saruji, na kwamba kijiji kizima kitakuja nyuma yao.

Hatua ya 6: Mzaha uguse mtu, usiguse ushahidi

Hapa ndipo walipoungua. Herbert Bolton, mwanahistoria mkubwa wa chuo kikuu cha Berkeley, alikuwa akiwahimiza wanafunzi wake wakae macho, huenda wakaliona bamba la shaba ambalo baharia Mwingereza Francis Drake aliliacha pwani ya California mwaka 1579. Mwaka 1936 bamba likaokotwa. Bolton akalipokea kwa furaha na kutangaza kuwa ndilo lenyewe. Mwaka 1937 Clampers wakachapisha kitabu cha dhihaka kilichojaa vidokezo kwamba bamba ni la bandia. Bolton hakuvishika, na alifariki mwaka 1953 akiamini. Mwaka 1977 vipimo vilionyesha kuwa shaba ile ni ya kisasa, si ya zama za Drake. Mwaka 2003 watafiti wakaeleza kwamba ulikuwa mzaha wa marafiki zake katika udugu, G. Ezra Dane akiwa kinara.

Walitaka kumcheka rafiki yao kwa wiki moja, wakapotosha vitabu vya shule kwa miaka 40. Mzaha ulipowaponyoka walikosa namna ya kuusimamisha bila kumwaibisha waliyempenda. Kwa hiyo mtanie mwenyekiti, tania kofia yake na hotuba yake ndefu. Tarehe, jina na mahali viache vilivyo, kwa sababu atakayevisoma baada ya miaka mia hatakuwepo kuliona konyezo lako.

Hatua ya 7: Rudi

Kusimika kibao ni kazi ya siku moja. Kinachobaki ni kurudi: kung'oa majani, kusugua shaba, na kumweleza mtoto aliyekuja kwa mara ya kwanza.

Norton alidondoka barabarani na kufa Januari 8, 1880, bila mke wala mtoto. Mwaka 1934 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Woodlawn, Colma. Kila mwaka Clampers huenda huko na mashati yao mekundu, wakamzunguka na kumpa heshima ya kifalme. Mtu ambaye hakuacha mtoto hukumbukwa na ukoo ambao hakuuzaa. Ndugu wanasemaje?

Inaridhisha.