Shangazi Spana na Pijo Inayobisha Hodi

Shangazi Spana, shikamoo. Marehemu baba alituachia Pijo 504. Imekaa miaka tisa chini ya mwembe, juu ya mawe. Juzi binamu kaleta betri, kaongeza petroli mpya juu ya ile ya baba, kapiga stata, ikawaka! Tulipiga vigelegele. Lakini ndani kuna kitu kinagonga, ko-ko-ko. Mjomba kasikiliza, jirani kasikiliza, hata katekista, na kila mmoja ana jibu lake. Binamu anasema Pijo haifi, ndiyo iliyoshinda Safari Rally. Tufanyeje? – Mrithi, Voi

Marahaba, mwanangu. Kwanza izime, na ufunguo uufiche mahali mjomba asipopajua. Kama zinazogonga ni beringi za konrodi, basi kila mgeni anayesema "hebu washa kidogo nisikie" anaondoka na kipande cha injini. Mtakapokubaliana ugonjwa ni upi, mgonjwa atakuwa keshazikwa.

Kuhusu Safari Rally, binamu hakosei. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, na mwaka 1978 akashinda Jean-Pierre Nicolas, ingawa yake ilikuwa na V6, injini nyingine kabisa. Ila hakuna aliyeitoa gari chini ya mwembe asubuhi ya mashindano.

Miaka tisa yote oili ilikuwa imeteremkia kwenye sampu, beringi zikabaki kavu. Mlipopiga stata, chuma kilisugua chuma mpaka pampu ilipoipandisha oili. Mngetoa plagi kwanza, mkamimina oili kidogo katika kila silinda, mkaiacha ilale, kisha mkazungusha krankishafti kwa spana, taratibu, ili kama kuna kilichoshikana kwa kutu mkono ukihisi kabla stata haijalazimisha. Oili mpya, filta mpya. Halafu mngepiga stata plagi zikiwa nje na waya wa koili umechomolewa, mpaka taa ya oili izimike. Vigelegele vingefuata baadaye.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Silinda za 504 ni za kuchomekwa, zinazungukwa na maji moja kwa moja, na sili za chini huzeeka. Hapo usiiwashe hata kwa Krismasi. Kama oili haina maji, imwage, kata filta, kunjua karatasi yake juani. Ukiona chembe nyingi zinazong'aa, beringi zinaaga. Sampu ifunguliwe, na mjomba asiulizwe.

Hukuona kitu? Weka oili mpya, fuata utaratibu wa plagi niliokutajia, toa petroli ya baba kwenye tangi, kisha iwashwe kwa muda mfupi mbele ya fundi mmoja, si ukoo. Kwanza akaze boliti za alteneta na puli, maana nimeona injini nzima ikishushwa kwa kosa la boliti moja. Akanyage klachi: mlio ukibadilika, achunguze beringi ya klachi kabla ya kuilaumu injini. Kisha achukue bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Mlio mwepesi wa juu, unaopiga mara moja krankishafti inapozunguka mara mbili, mara nyingi ni wa vali: tapeti zimelegea, au vali imeganda ikapinda fimbo inayoisukuma. Fungua kifuniko cha juu utaona kwa macho. Mlio mzito wa chini ndio wa kuogopwa. Achomoe waya za plagi moja moja, kwa koleo yenye mpini wa mpira. Ukipungua silinda ya tatu inaponyimwa moto, mshukiwa ni konrodi ya tatu. Ukififia kadiri injini inavyopata joto, huenda ni pistoni inayogonga ukuta, na wengi wamezeeka na gari za namna hiyo.

Shangazi, pikapu yangu ililala miaka minne, sasa inagonga. Rafiki ananishauri niweke oili nzito sana mlio utulie, niiuze upesi. Wasemaje? – Mjanja, Tanga

Rafiki yako si mwongo. Oili nzito hujaza nafasi iliyoachwa na beringi zilizolika, mlio ukafifia. Lakini injini ikipata moto oili hulainika, na ko-ko-ko hurudi, pengine mnunuzi akiwa bado hajafika barabara kuu. Tena ataijua nyumba yako. Mwambie ukweli, punguza bei, atakayeinunua aitengeneze mwenyewe. Nakuhimiza hivyo kwa sababu shemeji yangu anatafuta pikapu hukohuko Tanga, na barua yako nimeshamsomea.