Huyo Anadaiwa

Java ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, na hadi leo haijajifunza kupokea wageni. Ukiingia mpaka ndani ya folda inamokaa programu, ukaiita kwa jina, inakukana mchana kweupe.

Mpwa wangu alikuja nayo stationari kwangu, hapa Same karibu na stendi. Amemwandikia mama yake programu ya hesabu za tangawizi kule Mamba Miamba. Klasi inaitwa Hesabu, na ameiweka kwenye pakeji tz.same.tangawizi kama walivyofundishwa chuoni, kuanzia kikubwa kwenda kidogo. Akaingia hadi folda ya tangawizi, na kwenye lile dirisha jeusi akaandika:

java Hesabu

Klasi kuu Hesabu haikupatikana. Chini yake, bila haya: jina hilo silo, jina lake ni tz/same/tangawizi/Hesabu.

Mzee mmoja wa Mbaga, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, alikuwa anafuatilia.

"Anakutajia jina la mtu hadi la ukoo, halafu anasema hayupo?"

"Ndiyo, babu."

"Basi huyo anadaiwa."

Kijana akaandika jina zima. Haipo kabisa. Akaongeza .class mwishoni, Java ikadhani hilo nalo ni sehemu ya jina. Shida ni kwamba kila nukta inageuzwa kuwa folda, na msako unaanzia hapo ulipo. Yeye yumo ndani ya tangawizi, kwa hiyo ilikuwa inatafuta tz nyingine humohumo.

"Toka nje," nikamwambia. "Panda folda tatu, mpaka uione tz."

"Yaani mjomba, niondoke ilipo ndipo niipate?"

"Ndiyo. Au baki hapohapo, uielekeze kwa -cp pa kuanzia."

Akaona bora kutoka. Vijana hawapendi kuandika sana.

cd ../../..
java tz.same.tangawizi.Hesabu

Ikaitika! Ikauliza: gunia lina kilo ngapi? Akampigia mama yake. Dada yangu alikuwa na wanunuzi mlangoni, hana muda.

"Kilo za nini? Andika lumbesa!"

Mtoto mtiifu, akaandika lumbesa. Java iliyokuwa inangoja namba ikamwaga makosa skrini nzima.

"Hapo sasa imesema kweli," mzee akasema. "Lumbesa ina kilo?"