Kobe Kainama

Kobe wa kufugwa akihamishiwa boma jipya la nje hafanyi lile analotarajiwa. Mfugaji, aliyemaliza siku mbili akipiga misumari na kupanda majani, hungoja walau mgeni ajikunyate chini ya kichaka na kutafuna kwa heshima. Mgeni hufuata uzio. Huanzia pembe aliyoshushwa, huzunguka mpaka akarudi pale pale, kisha huanza upya. Kazi hiyo huifanya kutwa, siku kadhaa na pengine majuma. Wahenga walisema ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Aliyeinama kando ya uzio sheria anazo tayari. Anachotafuta ni mwanya.

Hangaiko hilo lina sababu. Porini kila kobe ana eneo lake, na humo anajua penye kivuli, penye maji na penye malisho. Akihamishwa, ujuzi wote huo haumfai tena, na kuzunguka ndiko kujifunza upya. Jike mwenye mayai huongeza mizunguko kwa sababu anatafuta udongo wa kuchimba. Dume huongeza kwa sababu anatafuta jike.

Mfano mashuhuri ni Timothy, kobe wa asili ya Mediterania aliyeishi Uingereza. Mwaka 1780 kasisi Gilbert White alimrithi kutoka kwa shangazi yake, akamfukua katika usingizi wake wa baridi, akamtia sandukuni na kumsafirisha kwa gari la farasi kiasi cha kilomita 130 hadi bustani yake ya Selborne. Mtikisiko wa safari ulimwamsha barabara. Aliposhushwa alitembea mara mbili hadi mwisho wa bustani, na jioni baridi ilipoingia akajifukia udongoni bila kuaga. Miaka iliyofuata, kila msimu wa joto ulipokaribia, alikuwa akiamka alfajiri kukagua kila tundu la uzio, na mara nyingine alimponyoka mtunza bustani. White alieleza kwamba kiumbe huyo alisukumwa na mapenzi, akimhesabu dume. Timothy alikufa mwaka 1794, na gamba lake lilipochunguzwa baadaye ilibainika kwamba alikuwa jike.

Kwa kuwa kobe huukagua uzio hivyo, kazi ya kumtuliza huanzia hapo hapo. Kosa la kwanza la wafugaji ni waya. Kobe akiona nyasi za upande wa pili haamini kwamba kuna kizuizi, naye husukuma kwa pua hadi ichubuke. Ubao au tofali hummalizia shauri: asichokiona hakimsumbui sana. Kosa la pili ni kudharau miguu yake. Msemo hudai kwamba kobe aliye juu ya mti kapandishwa, lakini aliyeutunga hakuwa na boma lenye pembe kali. Penye pembe kobe hukanyaga kuta mbili kwa pamoja, akajikweza kucha kwa kucha, na akikosa ukuta hupanda jiwe la mapambo ambalo mfugaji aliliweka mwenyewe. Hapo hufanikiwa kutoroka, au huanguka chali. Kuanguka chali si jambo la kuchekwa, kwani mapafu ya kobe yako chini ya gamba la mgongoni, na akipinduka viungo vingine huyalalia. Juani anaweza kufa. Pembe hufunikwa kwa ubao wa juu, mawe husogezwa katikati, na ukuta huzamishwa ardhini ili mchimbaji akutane nao huko pia.

Ukuta peke yake ni gereza, hivyo ndani ya boma pawe na mambo ya kumshughulisha. Kobe hana joto lake mwenyewe. Asubuhi huota jua, mchana hukimbilia kivuli, usiku hutaka banda kavu. Huhitaji sahani ya maji yenye kina kifupi, atakayoingia kunywa na, mara tu baada ya kusafishwa, kujisaidia humo. Kobe wa Mediterania hula magugu yenye majani mapana, ya jamii ya mchunga. Matunda matamu humvuruga tumbo. Vichaka na vilima vidogo humkatiza macho, na boma dogo likawa na mengi ya kukagua.

Mfugaji naye ni sehemu ya mazingira hayo. Dume mwenye wivu hugonga kwa gamba chochote kinachofanana na mpinzani, na kiatu hufanana naye vya kutosha. Anayeingia na kandambili yuko katika hatari nyingine: kobe hupambanua rangi, na ukucha uliopakwa rangi nyekundu huonekana kama ua lililoangushwa kwa ajili yake. La busara zaidi ni kukaa mbali. Kumnyanyua kobe kila saa kutazama kama ametulia ni njia ya hakika ya kumzuia asitulie.

Dalili za kutulia ni za kawaida mno. Mizunguko hupungua, kijia hujichora kutoka bandani hadi kwenye malisho, na kila asubuhi kobe huota jua mahali pale pale. Kisha siku moja haonekani. Mfugaji hupekua boma, huomba radhi kwa majirani akipita vichakani mwao, na huulaumu uzio ambao hauna kosa. Jioni hukuta udongo uliovimba kidogo chini ya kichaka cha bomani, na ndani yake kobe amelala. Aliyejifukia hivyo, akala na kuota jua kesho yake kama kawaida, amekwisha kuhamia.