Shukrani za Mpanda kwa Wizara ya Sanaa na Michezo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni, Sanaa na Michezo,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUONDOLEA UBISHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, wenzetu huko nje wana kazi nzito. Mwanamuziki wa Kongo, Fally Ipupa, alipotoka ukumbi wa Bercy jijini Paris, alikopiga Februari 2020, akatangaza kwamba Novemba 2023 anahamia Paris La Défense Arena inayomeza watu 40,000, mashabiki wake waligawanyika. Kuna waliosema ataaibika mbele ya viti vitupu, kuna waliosema mtoto amekua, na wakongwe waliomjua tangu yuko bendi ya Quartier Latin ya Koffi Olomide wakanung'unika kwamba sasa watamwona kwenye skrini kama wanavyomwona nyumbani. Ubishi wa namna hiyo haukosekani hapa nchini pia, kwenye vijiwe vya kahawa na vya bodaboda, tangu tamasha la Fiesta lilipoanza kuzunguka mikoani na hasa tangu Wasafi Festival ilipozinduliwa Mtwara Novemba 2018: msanii aliyezoea klabu akihamia uwanja wa mpira, amepanda au ametupa mashabiki wake? Sisi wa Mpanda, mkoani Katavi, tumeepushwa na maumivu hayo ya kichwa. Staa akifika Katavi ataimba uwanja wa mpira, na wa hapa hapa ataimba baa. Katikati hapana kitu, kwa hiyo hapana cha kubishania. Tunashukuru.

Wapo wanaodhani hali hii imetokea kwa bahati mbaya. Mimi nina imani zaidi na Serikali yangu. Wizara iliyoweka sanaa na michezo chini ya paa moja ilijua inachofanya: mchezaji akapewa uwanja, na msanii akaambiwa ausubiri mpira uishe. Uwanja wetu wa Kashaulili ni shahidi. Hapo ndipo Mwenge wa Uhuru ulipowashwa Aprili 2017 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan. Na uwanja wa aina hiyo, popote nchini, ndio wa kampeni, wa mkutano wa injili, wa ligi ya wilaya na wa tamasha. Kumbi tunazo, nisije nikaonekana mchonganishi. Ni za harusi, semina na vikao, zenye spika mbili za MC na feni moja inayozunguka kwa hisani ya TANESCO, katika mkoa ulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli.

Sasa tuangalie anachopata aliyelipa kiingilio. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, na uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 na ushei. Jukwaa likiwa goli moja, shabiki aliyesimama goli la pili anaipata ngoma imechelewa karibu theluthi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, hiyo ni nusu ya pigo. Mguu wa dansa unatua jukwaani, yeye bado hajasikia kitu. Wa mbele wakipiga makofi, ya kwake yanaangukia katikati ya makofi yao, na jirani anamtazama kama mtu asiyejua muziki. Tena hewani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli sita, kwa hiyo fundi mitambo anapandisha volyumu mpaka masikio ya wa mbele yavume, na wa nyuma aambulie besi. Katika hali hiyo bendi ya nini? Mpiga gitaa anayejua kazi yake na yule asiyejua wanasikika sawa. Ndiyo maana msanii huja na CD na madansa wanne, akaimbia juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na mtaani tukaishia kumtukana kwamba anapiga playback. Tunamwonea. Uwanja ndio ulioomba CD.

Hapo ndipo pande zote mbili za ubishi zinapokosea, Mheshimiwa. Wanaosema msanii anafuata uwanja mkubwa kwa tamaa hawajapiga hesabu ya promota. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Spika, taa, jukwaa, jenereta na mafuta yake vyote vinakuja kwa lori, kwa sababu huku hakuna sehemu yenye mitambo yake. Mzigo huo hauwezi kurudishwa na tiketi za watu 500. Unahitaji maelfu, na maelfu hawana pa kuwekwa isipokuwa uwanjani. Na wanaosema uwanja ni dalili ya kukua nao wajiulize: kukua kutoka wapi? Fally alipanda ngazi, akakanyaga Bercy kabla ya La Défense. Ngazi ya Mpanda ina kidato cha chini kabisa na cha juu kabisa. Kijana wa Nsimbo au Mishamo mwenye sauti nzuri anaanzia baa, ambako anashindana na televisheni yenye mechi, na kituo kinachofuata ni dakika tano za kumtangulia mgeni pale uwanjani, jua likiwa bado kali na watu wakiwa bado wanaingia.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema uwanja ndio demokrasia: kiingilio chake ni cha mtu wa kawaida, wakati ukumbi, hasa ule wa Dar wa meza na vinywaji, ni wa wenye nacho. Hoja hii ina uzito na sitaibeza. Lakini ukumbi ni ghali pale ulipo mmoja na unatumika usiku mmoja. Wenye mitambo ya kudumu, ukitumika siku tatu mfululizo, hauhitaji lori wala kiingilio cha kulifidia lori, na aliyelipa anasikia alichokilipia. Mwingine atasema kwenye eneo la wazi angalau kuna usalama. Lakini tarehe 29 Oktoba 2022, Fally huyo huyo alipopiga Stade des Martyrs mjini Kinshasa, uwanja ulijaa kupita kiasi na watu 11 wakafariki katika msongamano. Wala ukumbi mdogo si kinga: Oktoba 2008, sikukuu ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko Tabora, hapa jirani, kwa kujazwa wengi kuliko hewa iliyokuwamo. Katika visa vyote viwili waliingizwa watu wengi kuliko milango inavyoweza kuwatoa, na hilo ni jambo ambalo mtoa kibali anaweza kulihesabu kabla.

Wa tatu ataniuliza kama ninaona aibu kudai ukumbi mkoa ukiwa bado unadai madarasa na visima. Naona aibu kidogo. Ila nakumbuka kwamba reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa na mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, na hakuna aliyeyauliza madini kama yatajaza mabehewa. Sisi tuko 1,152,958 kwa Sensa ya 2022, zaidi ya mara mbili ya tulivyokuwa 2012, na bado tunaambiwa hakuna soko. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, jambo jema. Aliyekopa atengeneze wimbo, kisha akauimbie wapi ili arejeshe? Rwanda walijenga uwanja wa ndani wa viti 10,000 Kigali, ukafunguliwa 2019, na Krismasi ya 2022 Israel Mbonyi akaujaza kwa nyimbo za injili. Sisi hatuombi wa 10,000. Tabora ilitoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe bila jengo la namna hiyo, kwa kumbi za kawaida ambamo watu walirudi wiki hadi wiki na kumjua mpiga solo kwa jina. Ukumbi mmoja uliopo, ukiwekewa mitambo, umeme wa uhakika na milango inayofunguka kwa nje, ungetosha kuanzia.

Wala sitaki ionekane kwamba Serikali haijali jukwaa. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uitwao Mwanza, na Desemba likawafungia wasanii wenyewe baada ya kuuimba kwenye tamasha jijini Mwanza. Maneno yaliwafikia wahusika bila kuchelewa hata nusu ya pigo. Baraza lenye masikio makali hivyo lingeweza, kwenye fomu ile ile ya kibali inayouliza nani ataimba, kuongeza swali moja: ni watu wangapi watakaosikia?

Ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Tamasha lijalo likiletwa Mpanda, meza kuu yenye vitambaa, maji ya chupa na viti vya mgeni rasmi isiwekwe mbele ya jukwaa. Iwekwe golini, goli la pili, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mgeni rasmi aombwe kupiga makofi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Manispaa ya Mpanda.

Nakala: BASATA, Ofisa Utamaduni wa Manispaa, fundi mitambo, popote alipo barabarani.